Tanga 1914: Lawama za majenerali zilivyobebeshwa nyuki

Kikosi cha watu 8,000 kilishuka Raskazone kuuteka mji uliokuwa ukilindwa na kombania moja. Siku tatu baadaye kilirudi melini mikono mitupu. Kwamba nyuki walishambulia ni kweli. Kwamba ndio walioshinda vita si kweli.

Asubuhi ya Jumatatu, Novemba 2, 1914, manowari ya Kiingereza HMS Fox ilitokea mbele ya bandari ya Tanga ikipeperusha bendera nyeupe. Nahodha wake, Francis Caulfeild, hakuja kupiga; alikuja kutoa taarifa. Alimwita melini mkuu wa wilaya, Mjerumani aliyeitwa Auracher, akamweleza kwamba mapatano ya kutoushambulia mji yamevunjwa, na kwamba usiposalimishwa ndani ya saa moja utapigwa mizinga. Kisha akamuuliza swali ambalo hadi leo linawashangaza wasomaji wa habari za vita: je, bandari imetegwa mabomu?

Auracher hakuwa mjinga. Alisema lazima ashauriane na wakubwa wake, akarudi nchi kavu, akapeleka simu ya maandishi kwa kamanda wa majeshi, akavaa magwanda yake ya jeshi la akiba na kwenda kujiunga na wapiganaji. Saa moja ikapita, zikafuata nyingine. Bendera ya kusalimu amri haikupandishwa. Caulfeild, asiye na hakika na maji aliyokuwa akielea juu yake, alitumia muda wa thamani kuyasafisha mabomu. Mabomu yenyewe hayakuwapo.

Hivyo ndivyo yalivyoanza mashambulizi ambayo Waingereza waliyapanga kumaliza vita Afrika Mashariki kabla havijashika kasi. Walibisha hodi kwanza, wakampa mwenye nyumba muda wa kufunga milango.

Kwa nini Tanga

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na miezi mitatu tu. Mwezi Agosti, baada ya manowari za Kiingereza kuufyatulia mizinga mji wa Dar es Salaam, Wajerumani wa pwani walikubali mapatano: Dar es Salaam na Tanga zisitumike kivita, nazo zisipigwe. Gavana wa koloni la Wajerumani, Heinrich Schnee, aliyapenda mapatano hayo, kwani hakutaka kuona miji aliyoihangaikia ikigeuzwa kifusi. Kamanda wake wa jeshi, Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, hakuyapenda hata kidogo. Yeye aliona kazi ya koloni ni moja: kuwavuta askari wengi wa Uingereza kadiri iwezekanavyo, wasipelekwe Ulaya.

Kufikia Septemba kila upande ulikuwa umeonja machungu ya mwenzake. Tarehe 20 mwezi huo manowari ya Kijerumani Königsberg iliivamia HMS Pegasus ikiwa imetia nanga Zanzibar na kuizamisha. Huko bara, doria za Wajerumani zilikuwa zikiinyemelea Reli ya Uganda, ambayo ndiyo iliyokuwa mshipa wa uhai wa Waingereza nchini Kenya. London na India zikaamua kulikata tatizo kwenye shina.

Shina lenyewe lilikuwa reli ya Usambara. Ilianzia bandarini Tanga, ikapita Muheza na Korogwe, ikapanda hadi Moshi, takriban kilomita 350. Atakayeishika Tanga ataishika reli, na atakayeishika reli atalifikia jeshi la Lettow lililokuwa limekusanyika chini ya Kilimanjaro. Vikosi viwili vikatumwa kutoka India. Kimoja, kilichopewa herufi C, kingepanda kupitia Longido kumpiga Mjerumani kutoka kaskazini. Kingine, kikubwa zaidi, kikosi B, kingeshukia Tanga. Kwenye ramani mpango ulipendeza: Lettow angebanwa katikati kama kidole mlangoni.

Jeshi lililochoka kabla ya kupigana

Kikosi B kiliongozwa na Meja Jenerali Arthur Aitken, ofisa aliyetumikia India miaka mingi. Alikuwa na Waingereza wa Loyal North Lancashire, kisha Wahindi wa namna nyingi: Rajput, Palamcottah, Grenadiers wa 101, Pioneers wa 61, na wanajeshi wa watawala wa Kashmir na Gwalior. Lugha zao zilikuwa nyingi, dini zao mbalimbali, na wengi hawakuwahi kufanya mazoezi pamoja. Maofisa wengine walikutana na watu wao kwa mara ya kwanza wakati wa kupanda meli. Baadhi ya bataliani zilikabidhiwa bunduki mpya muda mfupi kabla ya safari, kwa hiyo watu walikuwa bado wanajifunza kuzitumia huku wakielekea vitani.

Msafara uliondoka Bombay katikati ya Oktoba. Meli zilijaa, joto lilikuwa kali, na kwa wanajeshi waliokulia mbali na bahari kila wimbi lilikuwa adhabu. Wapo waliokaa ndani ya meli karibu mwezi mzima, wakitapika na kudhoofika. Haikuwa siri pia. Barua na magazeti yaliyonaswa na Wajerumani yalishawadokeza kwamba msafara wa Wahindi unakuja, na Lettow alikuwa ameanza kuichunguza Tanga kwa jicho la mtu anayesubiri wageni.

Mwisho wa Oktoba viongozi walikutana Mombasa kupanga shambulio. Hapo Aitken alipewa nafasi ya kuchukua wanajeshi wa King's African Rifles (KAR), watu walioijua nchi, vichaka vyake na namna ya kupigana humo. Alikataa. Alipewa pia nafasi ya kuwapumzisha watu wake nchi kavu kabla ya kuwapeleka vitani. Hiyo nayo haikumvutia. Mabaharia walishikilia kwamba heshima inadai Wajerumani waarifiwe kwanza kuwa mapatano yamekufa, Aitken akakubali. Aliyekuwa akiwasubiri Tanga, kwa fikra zake, hakuwa adui wa kumkosesha mtu usingizi: maofisa wachache wa Kijerumani na Waafrika waliofundishwa kwata. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

Raskazone gizani

Badala ya kuingia bandarini moja kwa moja, kwa hofu ya mabomu yale yasiyokuwapo, Waingereza waliamua kuteremka Raskazone, ile rasi iliyo mashariki ya mji. Leo ni mahali pa nyumba nzuri na hoteli za kutazamia bahari. Mwaka 1914 palikuwa na nyumba chache za Wazungu, hospitali ya Wajerumani upande wa mjini, mikoko ufukoni, na nyuma yake mashamba ya mpira na vichaka vizito ambamo mtu hamuoni mwenzake aliye hatua ishirini mbele.

Usiku wa kuamkia Novemba 3 bataliani ya Rajput na sehemu ya Pioneers, chini ya Brigedia Jenerali Michael Tighe, zilishushwa kwa mashua, watu wakitembea majini na matopeni. Alfajiri ziliamriwa kusonga mbele bila kuwasubiri wengine. Walioutetea mji saa hiyo walikuwa kombania ya 17 na polisi wachache. Lakini mbele ya mji palikuwa na mkato mrefu wa reli, mfano wa handaki lililochimbwa tayari, na askari walikuwa wamejipanga nyuma yake. Wahindi walipotokeza kwenye uwazi walipokewa na bunduki za rashasha. Maofisa waliosogea mbele kutazama waliangushwa mapema. Wakati huo treni ilikuwa imeleta askari wengine kutoka bara, nao wakazunguka ubavuni. Kabla ya adhuhuri watu wa Tighe walikuwa wanarudi mbio ufukoni.

Hadi hapo Aitken angeweza kujiuliza maswali. Adui yuko wapi hasa, ana watu wangapi, reli inamletea wangapi kila saa? Hakutuma mtu kuchunguza. Alitumia siku ile nzima kushusha waliobaki.

Lettow alikuwa akiitumia siku hiyohiyo vizuri zaidi. Treni za Usambara zilikuwa chache na ndogo. Moja ilibeba kombania moja na mizigo yake yote, au mbili zikiacha mizigo na wapagazi nyuma. Reli ikafanya kazi mchana na usiku, ikimimina askari Kange, nje kidogo ya mji, pale ambapo siku hizi abiria wa mikoani wanashuka kwenye mabasi. Gavana Schnee alikuwa ametoa maagizo mji usifanywe uwanja wa vita. Lettow aliyaweka pembeni, akasema atabeba lawama mwenyewe.

Baiskeli kwenye mbalamwezi

Kamanda mwenyewe alifika usiku wa kuamkia Novemba 4. Hakutaka kuhadithiwa. Alishusha baiskeli, na akiwa na wenzake wawili akaendesha kuingia mjini. Mitaa ilikuwa mitupu, mbalamwezi ikigonga kuta nyeupe za nyumba. Hapakuwa na Mwingereza. Wakapita hospitali, wakaendelea hadi karibu na ufuko wa Raskazone, wakaziacha baiskeli na kusogea kwa miguu. Mbele yao meli za Waingereza zilikuwa zimejaa taa, na kelele za kupakua mizigo zilisikika wazi. Lettow alisikitika kwamba mizinga yake ilikuwa bado njiani. Kwa umbali ule asingekosa shabaha.

Katika usiku huo mmoja, kamanda wa upande mmoja aliuona uwanja wa vita kwa macho yake na kuupima kwa baiskeli, na kamanda wa upande wa pili, mwenye watu mara nane, alikuwa na ramani tu. Lettow alitambua jambo moja ambalo lingeamua siku iliyofuata: Waingereza wangekuja wakiwa wameukumbatia upande wa bandari, na ubavu wao wa kusini ungebaki wazi. Akaweka kikosi kidogo kuukinga mji. Kombania zake nyingine alizificha nyuma, upande wa kusini, zikisubiri amri.

Mchana wa vichaka

Yapata saa sita mchana wa Novemba 4 jeshi la Aitken lilianza kusonga, likiwa limejipanga mstari mmoja mrefu. Kulia, karibu na maji, walikuwa watu wa Kashmir na Gwalior. Katikati North Lancashire. Kushoto kwao Palamcottah. Na mwisho kabisa, wakikinga ubavu ule wa kusini, Grenadiers wa 101. Jua lilikuwa la utosi. Watu walibeba mizigo yao yote, maji yaliisha mapema, na vichaka viliukatakata mstari vipandevipande hata maofisa wakawa hawajui jirani yao yuko wapi. Mizinga midogo ya milimani, ambayo ingewasaidia sana, iliachwa melini na kufyatuliwa kutoka sitahani na watu wasioona wanachokipiga. HMS Fox nayo ilirusha makombora kwa kubahatisha; moja lilianguka hospitalini.

Baada ya saa nane mchana risasi zilianza. Palamcottah, waliochoka kuliko wote, walivunjika na kutawanyika, na mstari ukabaki na pengo katikati. Hata hivyo pande zingine zilisonga. Kashmir na North Lancashire walivuka mkato wa reli, wakaingia mjini, wakapigana nyumba kwa nyumba. Walifika forodhani na kwenye Hoteli ya Deutscher Kaiser, ambako waliishusha bendera ya Ujerumani na kupandisha yao. Kwa dakika chache Tanga ilikuwa karibu kuwa mali ya Waingereza.

Katika mapigano hayo ya mitaani aliuawa Kapteni Tom von Prince, mkoloni aliyejulikana nchini kwa jina la Bwana Sakarani, yule aliyepigana na Mkwawa wa Uhehe miaka ya 1890. Alikuwa ameshaacha jeshi na kuwa mwenye shamba Usambara. Vita vikamrudisha, na Tanga ikawa mwisho wake.

Ndipo Lettow alipotoa amri aliyokuwa akiitunza tangu usiku. Kombania zilizojificha kusini zilitoka na kuupiga ubavu wa Grenadiers. Tarumbeta zililia na askari wakaingia vichakani wakipiga kelele. Grenadiers walipigana hadi karibu maofisa wao wote wakaanguka, kisha wakazidiwa. Ubavu ulipokunjika, mstari mzima ulikunjika nao. Waliokwisha kuingia mjini wakajikuta peke yao, wakalazimika kurudi walikotoka.

Nyuki nao

Katikati ya hayo ndipo nyuki walipoingia. Mitini mlikuwa na mizinga ya magogo, kama inavyotundikwa na warina asali wa pwani hadi leo. Risasi za rashasha ziliipasua au kuitikisa, na makundi ya nyuki waliokasirika yakatoka kumtafuta yeyote. Bataliani ya 98 ya Wahindi ndiyo iliyoumia zaidi. Watu waliovumilia risasi walitupa silaha na kukimbia wakijipiga usoni. Wengine waliumwa mara nyingi hata sura zao zisitambulike.

Haikuchukua muda Waingereza wakaanza kusimulia kwamba Wajerumani waliwatega, kwamba mizinga ile ilifungwa kamba ili askari wavute nyuki wamwagike. Habari hiyo ilifika magazetini Ulaya na vita vikapewa jina la vita vya nyuki. Inachekesha, na ni nyepesi kukumbuka. Ila ina kasoro moja kubwa: nyuki hawakuuliza mtu anatumikia nani. Lettow mwenyewe aliandika kwamba waliwafukuza pia wapigaji wake wa rashasha, na silaha hizo zikanyamaza wakati zilipohitajika sana.

Kwa hiyo tuwe wakweli. Nyuki waliongeza vurugu kwenye jeshi ambalo tayari lilikuwa limevurugika. Hawakuwa wao waliompa adui taarifa siku mbili kabla. Si nyuki waliokataa askari wa KAR, walioacha mizinga melini, au waliowatuma watu wagonjwa msituni saa ya jua kali bila kumchunguza adui. Hadithi ya nyuki ilikuwa na faida kwa wakubwa kwa sababu iliifanya aibu iwe bahati mbaya. Sehemu iliyobaki ya lawama ilitupwa kwa wanajeshi wa Kihindi, eti hawakuwa na moyo. Lakini waliofika ndani kabisa ya mji bega kwa bega na Waingereza walikuwa watu wa Kashmir, na waliokufa wakishikilia ubavu walikuwa Grenadiers wa 101.

Hadithi hiyo inawanyima haki watu wengine pia: askari Waafrika waliosimama nyuma ya mkato wa reli. Wengi walikuwa na bunduki za mtindo wa 1871, zilizotoa wingu la moshi kila zilipofyatuliwa na kumwonyesha adui pa kulenga. Walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani na wengineo, watu wa kazi ya mshahara, waliozoea kulenga, kujificha na kupokea amri kwa tarumbeta. Hatuna haja ya kuwapamba. Jeshi hilohilo lilizima Vita vya Maji Maji kwa moto na njaa, na miaka saba tu ilikuwa imepita. Lakini kusema waliokolewa na wadudu ni kurudia dharau ileile ya Aitken kwa njia ya mzaha.

Mji uliolala bila mwenyewe

Usiku huo wa Novemba 4 lilitokea jambo ambalo lingeweza kugeuza kila kitu. Mlio wa tarumbeta ulieleweka vibaya, na kombania za Lettow zikadhani zimeamriwa kurudi kambini magharibi ya mji. Zikaondoka. Kwa saa kadhaa Tanga haikuwa na mlinzi. Kama Aitken angekuwa na doria moja yenye macho, angeweza kuingia asubuhi bila kupoteza mtu.

Hakuwa nayo. Aliyekuwa hajachunguza kabla ya kupigana hakuchunguza baada ya kupigana. Alichokiona ni watu wake waliorundikana ufukoni, wamekata tamaa, wakishtuka kila kichaka kinapotikisika. Asubuhi ya tarehe 5 aliamuru warudi melini. Kwa kuwa alitaka waondoke haraka, aliagiza vitu vizito viachwe vilipo. Mchana kweupe watu waliingia majini kuelekea mashua, wengine bila bunduki, North Lancashire na Kashmir wakilinda ufuko hadi wa mwisho alipopanda.

Majeruhi waliokuwa hoi waliachwa hospitalini. Maofisa wa pande mbili walikutana chini ya bendera nyeupe kupanga habari zao, wakazungumza kwa adabu, na maofisa wa Kiingereza walioapa kutopigana tena katika vita hivyo wakaruhusiwa kuondoka.

Hesabu ilikuwa hivi: Waingereza walipoteza watu 817 kwa kuuawa, kujeruhiwa na kupotea, na waliokufa kati yao ni takriban 360. Upande wa Wajerumani waliouawa walikuwa kama 70, wengi wao askari. Kwenye ufuko wa Raskazone Wajerumani walikuta mamia ya bunduki za kisasa, bunduki za rashasha, simu za vitani, mablanketi, makoti, na risasi 600,000. Lettow aliandika kwamba silaha hizo zilitosha kombania tatu. Huko Longido nako kikosi C kilikuwa kimeshambulia tarehe 3, kikakosa maji na kurudi Namanga. Kidole hakikubanwa.

Serikali ya Uingereza iliificha habari hiyo kwa miezi. Aitken aliondolewa uongozini, akateremshwa cheo hadi kanali, na Lord Kitchener, Waziri wa Vita wa Uingereza, alikataa hata kuonana naye. Usimamizi wa vita vya Afrika Mashariki ukahamishwa kutoka India kwenda London.

Waliolipa deni

Masimulizi mengi ya Tanga huishia hapo: jenerali aliyeaibika, kamanda hodari, nyuki wakali. Kwa watu wa nchi hizi hapo ndipo hadithi inapoanza.

Lau Tanga ingetekwa Novemba 1914, Lettow angekuwa amekatiwa bandari na kichwa cha reli ndani ya miezi mitatu ya vita, akiwa na risasi chache na bunduki kuukuu. Badala yake alipata ghala la bure na, muhimu zaidi, alipata mamlaka. Gavana aliyetaka mapatano alinyamazishwa na ushindi. Tangu siku hiyo hapakuwa na mtu ndani ya koloni aliyeweza kumwambia Lettow basi. Tanga yenyewe iliingiwa na Waingereza Julai 1916, lakini wakati huo yeye alikuwa anarudi nyuma kuelekea kusini, akiwaburuta maadui zake hadi Ruvuma, Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini. Alisalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Vita hivyo vilibebwa kichwani. Magari hayakufaa, wanyama waliuawa na mbung'o, kwa hiyo kila risasi na kila kibaba cha unga kilipanda juu ya kichwa cha mpagazi. Waingereza waliandikisha mamia ya maelfu kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland na Tanganyika yenyewe, na Wajerumani wakakamata wao vijijini. Hesabu rasmi za Waingereza zilikubali kwamba zaidi ya wapagazi 40,000 walikufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa, na wanahistoria wanaamini idadi halisi ilikuwa kubwa mno kuliko hiyo. Kariakoo ya Dar es Salaam na ile ya Nairobi zilikua mahali wapagazi hao walipopigishwa kambi. Huko Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalizoa nafaka, ng'ombe na vijana, ulifuata ukame na njaa iliyoitwa Mtunya, iliyoua makumi ya maelfu. Kisha mwaka 1918 yakaja mafua.

Askari walioshinda Tanga nao hawakuvuna kikubwa. Mshahara wa miaka ya mwisho ya vita ulibaki ahadi. Ilikuwa mwaka 1964, nusu karne baadaye, ndipo Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee wengi walijitokeza Mwanza bila hati, na ofisa aliyetumwa kuwalipa akampa kila mmoja fagio na kumwamrisha kwata kwa Kijerumani. Waliokuwa askari kweli hawakukosea hata hatua.

Vitabu vya kijeshi vinaifundisha Tanga kama somo la namna ya kutoshusha jeshi ufukoni, nalo ni somo sahihi. Lakini majenerali walijifunza somo lao kwa bei nafuu. Aitken alipoteza nyota za mabegani, akarudi kwao akiwa hai, na mwaka 1920 serikali yake ikampunguzia lawama. Dharau yake ya siku tatu iliwapa watu wa Tanganyika na majirani zao vita vya miaka minne ambavyo hawakuvitangaza na hawakuulizwa. Anayetaka kuisimulia Tanga kwa haki na aanze kuhesabu kwa wapagazi, aje kwa askari na Wahindi walioachwa vichakani, ndipo afike kwa majenerali. Nyuki anaweza kuwaweka mwisho kabisa, maana wao walikuwa wakilinda nyumba yao tu.